Mlango wa Chemchemi

Kwako mwanangu Mwamini,

Nakusalimu kwa wingi, ingawa uko hapo uani tu na nakusikia ukicheka na shangazi zako wanaofunga mizigo. Kumwandikia barua binti aliye nyuma ya ukuta ni jambo la kuchekesha, najua. Lakini nikija kukwambia kwa mdomo nitalia, nawe utalia, na shangazi zako wanaopenda kilio kuliko wali watatusaidia, mwisho wake hakuna kitakachosemwa. Basi nimejifungia humu chumbani tangu alasiri, na karatasi niliyomwomba baba yako. Isome mkifika Kabambare, msafara ukipumzika. Usiisome njiani ukajikwaa kwenye mawe.

Herufi zangu unazijua. Wewe ndiye uliyenifundisha, ulipokuwa ukirudi kutoka chuo cha Kurani na ubao wako na kujifanya mwalimu, ukinichapa vidole kwa kijiti kila nilipokosea. Ukiona mstari umepinda, jilaumu mwenyewe.

Mambo ya jikoni na ya chumbani sitayagusa. Somo wako amekufunda hayo yote, na kwa maneno yeye ananishinda mbali. Nataka kukujibu jambo moja tu. Umeuomba ule mlango wa zamani ulioegemezwa ghalani, na baba yako amesema upewe. Mimi nikasema ngojeni kesho. Nilikuona ulivyonuna. Ulidhani mama yako amekuwa mchoyo uzeeni.

Juzi bwana arusi wako Amisi alipokuja kula kwetu, alieleza habari za huko mnakokwenda, mbele ya Kabambare, njia ya nchi ya Wamaza. Alieleza vizuri. Nchi ya majani, miti michache, udongo mwekundu, na vijiji vya watu vimekaa mbalimbali. Bwana wake amempa kazi ya kufungua mashamba ili misafara inayopita ipate chakula. Kisha akasema, huku anamega tonge, "Mama, pale maji iko fasi moja tu, chini ya jiwe kubwa. Kiangazi, watu wote wanakunywa pale. Tutazungusha ukuta, tutatia mulango, na ufunguo atashika Mwamini."

Ulifurahi mpaka ukaficha uso. Mimi nikarudisha tonge langu siniani. Baba yako alinitazama, akainamisha macho kwenye sinia, na hapo nikajua naye amekumbuka.

Wewe unaukumbuka ule mlango kwa uzuri wake. Ulikuwa mtoto wa kutembea huku umeshika nguo yangu, na ulipenda kupitisha kidole kwenye maua yaliyochongwa. Hukuambiwa kilichotokea nyuma yake. Tulikubaliana kimyakimya, baba yako na mimi, kwamba hutaambiwa, na kwa hilo tulikosea, kwa sababu sasa unataka kwenda nao.

Hii chemchemi ya hapa Kasongo, upande wa chini ya msikiti, zamani haikuwa na ukuta wala mlango. Soko lilikuwa palepale, pembeni mwake. Siku ya soko wanawake wa vijiji walishuka kutoka kila upande na makapu kichwani, muhogo, mahindi, mawese, karanga, samaki wakavu wa kutoka Nyangwe, na kelele ambazo hujapata kuzisikia. Walikuja kwa sababu ya soko, na soko lilikaa pale kwa sababu ya maji. Muhogo wa huku ni mchungu, hauliwi hivihivi. Sharti ulowekwe majini mpaka ulainike na uchungu utoke. Basi walikuwa na kidimbwi chao chini kidogo ya jicho la chemchemi. Waliacha mihogo yao humo soko hili, wakaitoa soko linalofuata, wakaanika juu ya mawe, na sisi wa mjini tukanunua ikiwa tayari kwa kinu. Hakuna aliyeona ajabu. Mji ulikula hivyo.

Mimi niliyatazama yote kwa mbali. Unajua nililetwa mji huu nikiwa mdogo, shingo yangu ikiwa kwenye kamba, kutoka nchi ya Wabangubangu, na nikapewa jina la Riziki na watu wasioniuliza langu. Wanawake wale wa soko walikuwa wakisema lugha ya mama yangu. Nilielewa kila neno, hata matusi, na nilijifanya sielewi. Nilitaka kuwa muungwana kabisa kabisa. Nilijifunza kuvaa, kutembea, kuvuta maneno kama watu wa pwani. Ulipozaliwa wewe, baba yako aliniacha huru mbele ya mashahidi. Nikawa bibi wa nyumba, lakini moyoni nilibaki mtu anayeogopa kuulizwa anakotoka.

Ukaja mwaka ambao kiangazi hakikutaka kwisha. Maji ya chemchemi yakapungua yakawa kama uzi, na kile kidimbwi cha muhogo kikawa kizito na kunuka. Unaijua harufu ya muhogo uliolowekwa. Mimi naipenda, nilizaliwa ndani yake, lakini wazee wa msikiti walilalamika kwamba wanakwenda kuswali na harufu hiyo miguuni. Waliketi barazani kwetu wakajadili kutwa. Mmoja akasema, "Hii maji iko ya udhu ao ya muhogo?" Wote wakacheka, na kwa kicheko kile shauri likawa limekwisha. Baba yako hakuwa na nia mbaya. Alitaka Mungu aabudiwe kwa maji safi, na alitaka mji uwe na kitu kizuri cha kutazamwa. Akaleta udongo, akajenga ukuta kuzunguka jicho la maji, akamwita fundi aliyetoka pwani achonge mlango wa mvule. Kidimbwi kikafukiwa.

Ufunguo akanipa mimi.

Mwanangu, nilivyoupenda ufunguo ule! Niliuvaa shingoni kwa uzi mweusi, pale palepale ilipokuwa kamba. Nilikuwa sijawahi kushika kitu ambacho watu wengine wanakihitaji. Alfajiri nafungua kwa ajili ya wazee wa msikiti, halafu nyumba za waungwana, halafu nafunga. Wanawake wa mjini waliokuwa wakinipita bila salamu walianza kuniita dada. Nilinenepa kwa sifa. Nakwambia hivi kwa sababu Amisi akikupa ufunguo utajisikia vizuri sana, na kujisikia vizuri huko ndiko kunakonitia hofu.

Siku ya soko iliyofuata alikuja mwanamke mmoja, Mama Ngongo, wa kijiji cha nyuma ya kilima. Mrefu, mwenye jino la mbele lililovunjika, na maneno makali. Alitua kapu lake la mihogo mibichi mbele ya mlango, akautazama juu mpaka chini, akagonga kwa ngumi kama anapiga hodi nyumbani kwa mtu. Kisha akaniona mimi kivulini.

"Mama, fungula. Muhogo iko inaniozea kichwani."

Nikamjibu kwa Kiswahili changu cha kujifunza, "Chemchemi hii ni ya msikiti. Nenda mtoni."

"Muto iko mbali. Nikipeleka muhogo kule, huku haitarudi."

Akanisogelea, akanitazama usoni kwa muda, akauliza taratibu kwa lugha ya mama yangu kama mimi ni mtoto wa nani. Nilimsikia vizuri. Nikageuza uso nikamwambia mtumishi wetu, "Huyu mshenzi anasema nini?" Mama Ngongo akacheka kidogo, akajitwika kapu lake, akaenda zake.

Neno lake lilikuwa la kweli wala halikuwa tisho. Mtu hawezi kubeba mihogo mibichi mpaka mtoni, ailoweke, aitoe tena ikiwa mizito kwa maji, apande nayo kilima chote ili tu atuuzie sisi. Walianza kuuziana kulekule mtoni. Soko letu likapungua, likawa la watu wa samaki, kisha likawa uwanja mtupu wenye mbuzi. Sisi tukasema hewala, mji umetulia. Tulikuwa na mpunga ghalani.

Sisi watu wa mjini tuna aibu moja ya kipumbavu, nayo ni aibu ya muhogo. Mgeni akija tunampa wali. Muhogo tunakula milango ikiwa imefungwa, na wote tunaula. Kwa hiyo hakuna aliyejua, hata baba yako hakujua, kwamba tumbo la mji lilikuwa kwenye makapu ya wale wanawake. Mpunga ulikuwa wa kujionyesha tu. Mvua ikachelewa. Tukaupanda bondeni kwa unyevu uliobaki, ukaota, ukawa wa kijani mzuri, ukakauka wima. Msafara mkubwa ukapita ukila, nasi hatukuthubutu kuunyima, na ghala likabaki na panya. Kisha kila mtu akaanza kutafuta muhogo, na muhogo haukuwepo. Watu walikaa na nguo mpya mikononi, shanga, shaba, na hakuna wa kumpa. Maji tulikuwa nayo. Machache, lakini safi, na yamefungiwa kwa kufuli.

Wakati huo nilikuwa namnyonyesha mdogo wako Saidi. Wewe wamkumbuka? Ulikuwa unamwita Bwana Mkubwa kwa sababu ya tumbo lake. Maziwa yakanikauka. Nilimpa maji ya mchele mpaka mchele ukaisha, kisha maji matupu. Alikuwa ananitazama tu, halii. Mtoto asiyelia ni mzigo mzito kuliko wote niliopata kubeba.

Nikawaacha wewe na Saidi kwa shangazi yako, nikatoka peke yangu, nikapanda kilima na kushuka upande wa pili. Mto wenyewe ulikuwa umekauka, lakini wanawake walikuwa wamechimba mashimo kwenye mchanga, na maji yamejaa ndani, na mihogo imelowekwa humo, myeupe. Soko lilikuwa pale, pamoja na kelele zake zote. Nilisimama pembeni nikanusa ile harufu, nikalia. Mama Ngongo aliniona. Nikamwamkia kwa lugha ya mama yangu, maneno yakinitoka kwa shida kama mtu aliyeugua koo, nikamwambia mimi ni mtoto wa nani, wa kijiji gani, na kwamba nina mtoto nyumbani.

"Ah," akasema kwa Kiswahili, makusudi, ili wote wasikie. "Leo unajua kusema?"

Usidhani alinikumbatia. Alinipangia bei. Alichukua hereni zangu zote mbili, akachukua na kaniki niliyojitanda, akanitaka nimsaidie kutoa mihogo shimoni mpaka mikono ikanikunjamana. Nilipojitwika kapu ndipo aliposema, akinirekebishia kata kichwani, "Nenda mbio. Mutoto hangoji." Hiyo tu.

Nilikwenda mbio. Nilitwanga, nikakoroga uji, nikampa kwa kidole. Alimeza kidogo. Kesho yake jua lilipochwa alifariki mikononi mwangu. Wewe uliambiwa ni homa, na homa ilikuwepo, ndiyo, lakini ilimkuta mtoto asiye na kitu mwilini cha kupigana nayo.

Walipokuja kumzika, waliniomba ufunguo ili wapate maji ya kumwosha na ya udhu. Nikaenda kufungua mwenyewe. Nilisimama pale mlangoni nikiwatazama wanaume wakinawa mikono, vinywa, nyuso, miguu, kwa ajili ya kumswalia mwanangu. Maji yalikuwa safi kabisa, hayana harufu ya muhogo hata kidogo.

Sikufunga tena. Sikupiga kelele wala sikumtukana mtu, sikuwa na nguvu. Nilirudi nyumbani na mlango uko wazi. Jioni mzee mmoja akaja kulalamika kwamba mbuzi wameingia. Baba yako akasema, "Acha waingie." Hajapata kuniambia kwamba alikosea, na mimi sijapata kumdai aniambie. Siku ya pili alichukua nyundo akaung'oa mlango na bawaba zake, peke yake, akaubeba mgongoni mpaka ghalani. Baadaye ukuta ukabomolewa upande wa chini. Yeye na vijana wakachimba kidimbwi kipya cha muhogo, mbali kidogo na jicho la maji, na mfereji wa kuyapeleka maji yake machafu kwenye matuta ya viazi. Mitungi ya msikiti ikawa inajazwa alfajiri kabla ya watu, ndiyo ile unayoijua. Neno dogo namna hiyo, kuamka mapema ukajaza mitungi. Lilikuwepo tangu mwanzo, na hakuna aliyeliwaza.

Soko likarudi polepole. Mama Ngongo hakurudi. Kila siku ya soko nilimtazamia, hata baada ya wewe kuvunja ungo. Nasikia aliuzia mtoni mpaka mwisho wa maisha yake. Hereni zangu alimpa bintiye alipoolewa, na nilipomwona huyo bintiye amezivaa nilifurahi kwa namna nisiyoweza kukueleza.

Basi, mwanangu. Amisi ni kijana mwema. Anakoroma, alipolala barazani kwetu Ramadhani mtaa mzima ulimsikia, lakini ni mwema na anapenda kazi. Anataka ukuta kwa sababu anaogopa kiangazi, na ana haki ya kukiogopa. Usibishane naye mbele ya watu. Nenda kwanza kwenye hilo jiwe lake, siku ya kwanza kabla hujafungua mizigo, ukae na wanawake watakaokuja kuchota. Waulize wanaloweka wapi. Waulize kiangazi kikizidi wanachimba wapi. Wengi watakuwa wanasema lugha ya bibi yako, ile niliyokuimbia ukiwa mdogo na kukukataza usiiseme barazani. Iseme, na ukikosea wacha wacheke. Mimi niliificha nikidhani inanishusha, na siku niliyoitoa ilikuwa imechelewa kwa mtoto mmoja.

Amisi atataka kupanda mpunga kila mahali. Mwache apande bondeni. Wewe panda muhogo juu, kwenye udongo mkavu, mwingi, wala usitangaze. Unakaa ardhini ukikungoja, na misafara haijui kuufukua upesi. Mbegu zako za mahindi zitundike juu ya moshi, ndani, mgeni asizione. Na mgeni akija mpe muhogo waziwazi, kwenye sinia zuri. Akikunja uso, ni uso wake.

Naona mwanga unakwisha, na shangazi yako anauliza kwa sauti kama nimekufa humu ndani. Kuhusu mlango, nimekukubalia, utakwenda nao. Lakini asubuhi ya leo, ulipokuwa kwa somo wako, nilimwita Feruzi seremala akaukata ukawa mbao. Baba yako alishika upande wa pili wa msumeno. Ufunguo nimeutupa chooni, usiuulize.

Mbao zimefungwa pamoja na mikeka yako. Palipo na maji pana matope, na mwanamke mwenye mtungi kichwani akiteleza huvunja mtungi au huvunja mgongo. Zilaze pale chini ya jiwe, ubao mmoja baada ya mwingine, watu wote wasimame juu yake wakichota. Usiogope kuzikanyaga, ni maua matupu, hakuna neno la Mungu lililoandikwa. Nakuweka mikononi mwake Yeye, mwanangu, na hapa nitakuwa nikikuwaza kila ninapojaza mtungi.

Ukizilaza, upande wa nakshi uwe juu, ili miguu ya watu isiteleze.

Mama yako,
Riziki